Moshi wa Nani

Sheria ya sigara iliingia ukumbini kwa mlango wa mbele, ikiwa bango jekundu lenye maandishi meupe. Nyumbani kwa Fundi iliingia kwa mlango wa nyuma, ikiwa mdomoni mwa mumewe.

"Imekwisha hiyo," alisema Trei akivua viatu. "Kuanzia leo hakuna kuvuta ndani. Mteja akiwasha, faini. Mwenye ukumbi akinyamaza, faini. Tajiri kanywea kama puto lililotobolewa."

Walimwita Trei kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mhudumu wa siku nyingi katika ukumbi ule wa chakula na vinywaji, na alijua kupita katikati ya meza zilizojaa watu akiwa ameinua trei juu ya vichwa vyao kwa mkono mmoja, asimwage hata tone. Miaka yote hiyo alikuwa akipita vilevile katikati ya moshi wao, na jioni alirudi nyumbani na kikohozi ambacho majirani walikifanya saa. Wakikisikia uani, walijua ukumbi umefungwa.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, pini amezibana midomoni. Alizitema kiganjani ili apate kumshukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa amekiombea kifua kile mpaka magoti yakaota sugu. Alipomaliza kushukuru, macho yake yalimwendea mama mkwe, aliyekaa kwenye kizingiti na sigara yake ya baada ya chakula.

"Basi na hapa nyumbani iwe hivyohivyo," akasema. "Haifai ukumbi wa Tajiri uwe msafi kuliko nyumba ya watu wanaosali."

"Mimi nimekaa mlangoni, mwanangu," alisema mama mkwe. "Nusu yangu iko nje."

"Nusu yenye sigara iko ndani, mama."

Wote watatu wakacheka. Mama mkwe akajiinua kwa kushika mwimo wa mlango, akaingiza nusu yake iliyokuwa nje, akaitoa ile nyingine, kisha akagundua kwamba hesabu hiyo haiendi, akatoka mzima mzima. Ikawa ni kichekesho cha jioni ile. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa ametoka kweli.

Alikuwa amejifunza kuvuta ujanani, akiwa kibarua katika ghala la kuchambua tumbaku, mahali ambapo msimamizi aliwaachia vibarua majani mabovu ili wasahau njaa. Njaa ilikwisha, sigara ikabaki. Moja baada ya chakula, na nyingine wakati wa kumkumbuka marehemu mumewe. Hakuwa na starehe nyingine.

Fundi hakumchukia. Hilo lazima lisemwe, kwa kuwa hadithi kama hizi hupenda kuwafanya wakwe kuwa paka na panya. Alimpa chakula kabla ya kumpa mumewe, alimshonea magauni yake yote, na usiku alimfunika. Lakini alikuwa amepata kazi ya kushona sare za wauguzi wa zahanati, sare nyeupe, na mkuu wa wauguzi alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mzigo wa kwanza ukipendeza, atampa kazi hiyo kila mwaka. Kazi hiyo ndiyo ingewatoa katika vyumba vile vya uani. Vyumba vilikuwa mali ya Tajiri, nyuma ya ukumbi wa Tajiri, na kodi yake ilikatwa katika mshahara wa Tajiri kabla Trei hajauona kwa macho. Kila asubuhi, kabla ya kutia uzi kwenye sindano, Fundi aliweka mkono juu ya kile kitambaa cheupe na kuomba, "Mungu, ututoe humu."

*

Uani nako hakukuwa na nafasi. Jirani yao Dobi, aliyefua na kupiga pasi vitambaa vya meza vya ukumbini, alikuwa ametandaza kamba zake kutoka ukuta hadi ukuta.

"Bibi, nakuheshimu kama mama yangu mzazi," alisema siku ya pili tu, "lakini huo moshi na vitambaa vyangu, wapi na wapi? Tajiri atasema nafulia kwenye jivu."

Mama mkwe akasogea kwenye shimo la taka. Pale akakutana na inzi, na wanawake wa vyumba vya jirani waliomtazama wakija kumwaga maganda, kama kwamba naye ameletwa pale kumwagwa. Mwishowe akachukua ndoo mbovu, akaifudikiza nje kabisa ya lango, kando ya barabara, akawa anakalia hapo. Jua lilimpata hapo, na vumbi la magari, na vijana waliopita wakipiga miluzi, "Bibi, tuazime kiberiti!" Naye aliwaazima.

"Si bora huko, mama?" Fundi alimuuliza. "Angalau unapata hewa."

"Hewa ipo," alisema mama mkwe. "Inapita na malori."

Wakati huohuo wateja wa Tajiri walikuwa wakinung'unika. Wakubwa waliozoea kunywa na kuvuta hawakutaka kusimama barabarani kama watoto waliofukuzwa darasani. Wengine walianza kuhamia kwingine. Tajiri akaisoma sheria upya, akakuta kwamba inamruhusu kutenga chumba, mradi kifungwe mlango na kiwe na feni ya kutoa moshi nje. Akaleta mafundi. Katika pembe ya nyuma ya ukumbi wakajenga chumba cha vioo, wakaweka viti vya sofa, visahani vya majivu vinavyong'aa, na feni kubwa ukutani. Trei akapandishwa kuwa msimamizi wa wahudumu, akapewa tai.

"Kila mtu amepata haki yake," alisema akijitazama kwenye kioo cha Fundi cha kupimishia nguo. "Asiyevuta anakula salama. Anayevuta ana kiti chake. Hakuna ugomvi."

Siku hizo ulianza kusikika mngurumo mwembamba nyuma ya ukuta wa chumba cha kushonea, ule wenye matundu ya hewa karibu na dari. Nyuma ya ukuta huo palikuwa na uchochoro mwembamba uliozibwa kwa mabati pande zote mbili, mahali paka tu walipopita.

"Ni nini hicho?" aliuliza Fundi.

"Friji," alisema Trei. "Jikoni wameleta friji mpya."

*

Habari za mama mkwe kuingia ukumbini Fundi aliletewa na Dobi, ambaye alikuwa amepeleka vitambaa vya meza na akaona kila kitu. Alikuja akicheka hadi akashika mlango.

"Fundi we! Mkweo leo kafanya mambo! Kavaa gauni lile la buluu ulilomshonea, kapita katikati ya ukumbi kama waziri, moja kwa moja hadi chumba cha vioo. Kaketi kwenye sofa. Kawasha. Wale wakubwa wakamchangamkia, wakamsogezea kisahani, mmoja akasema, 'Karibu bibi, wewe ni mwenzetu!'"

"Mungu wangu."

"Ngoja! Tajiri akatokea. Akauliza, 'Huyu naye ameagiza nini?' Mkweo akajibu, 'Nimeagiza kupumzika.' Watu wakavunjika mbavu. Tajiri hakucheka. Akamwita mumeo."

Hapo Dobi alipunguza kicheko, kama mtu aliyefika kwenye shimo akiwa anakimbia.

"Akamuuliza, 'Huyu mzee unamfahamu?' Trei akasema..." Dobi akakuna shingo. "Akasema, 'Anakaa huko nyuma, bosi.' Basi. Akamshika mkono akamtoa. Taratibu lakini. Hakumvuta."

Fundi aliona uso wake ukiwaka. Lakini aibu ni kama maji, huteremkia palipo chini, na aliyekuwa chini nyumbani mle hakuwa Trei. Mama mkwe aliporudi, Fundi hakumpa hata nafasi ya kuketi.

"Mama, umetutia aibu. Mwanao kapewa cheo juzi tu. Unataka afukuzwe?"

Mama mkwe alitazama chini. Gauni lake la buluu lilikuwa na jivu kidogo kifuani, akalipangusa.

"Nilisikia kuna chumba cha wavutaji," alisema. "Nikadhani mimi ni mvutaji."

Asubuhi iliyofuata ndoo ya langoni haikukaliwa. Wala mchana. Wala siku zilizofuata. Vijana walipita wakakuta imefudikizwa peke yake, wakaipiga teke ikaangukia mtaroni. Fundi aliliona hilo, akaliweka moyoni, na wala hakuliuliza. Alijijibu mwenyewe. Kama hatoki nje kuvuta, basi anavutia ndani.

*

Mzigo wa kwanza wa sare ulirudishwa na mkuu wa wauguzi mwenyewe. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio uliomkata Fundi zaidi kuliko ukali. Aliuweka mzigo mezani, akafungua fundo, akachukua sare moja na kuinusa, kisha akamnyooshea.

"Mshono sina la kusema," alisema. "Mishipi imekaa, vifungo vimekaa. Lakini nusa, mwenzangu. Nitamvalisha muuguzi hivi, akamwinamie mtoto mwenye pumu?"

Fundi alinusa. Sigara. Si kidogo. Kitambaa kilikuwa kimeinywa kama sponji.

"Humu ndani hatuvuti, dada. Nakuapia."

Mkuu wa wauguzi akatazama chumbani, akamwona mama mkwe amekaa pembeni akichagua vifungo, vidole vyake viwili vimegeuka rangi ya chai kwa miaka ya tumbaku. Alikunja midomo tu kwa huruma.

"Fua, piga pasi, uniletee tena," akasema. "Nakupa nafasi moja kwa sababu ya mkono wako."

Alipotoka, Fundi aliufunga mlango.

"Mama."

"Sijavuta, mwanangu."

"Sijakuuliza bado."

"Umeuliza kwa macho. Sijavuta humu. Wala nje sijavuta."

"Basi hizi sare zinavuta zenyewe?"

Mama mkwe alifungua kinywa, akamtazama mwanawe. Trei alikuwa amerudi kula chakula cha mchana, amekaa kitandani akifunga na kufungua tai yake. Mngurumo ulisikika nyuma ya ukuta, mwembamba, usiochoka. Trei akainua macho kwenye matundu ya hewa, akayashusha haraka.

"Mama, acha kubishana," akasema. "Mke wangu anatafuta riziki ya sisi sote."

Mama mkwe akafunga kinywa. Akarudia vifungo vyake.

Fundi alifua sare zote kwa mkono, akazianika, Dobi akazipiga pasi akisema, "Sasa zinanukia kama mbinguni." Akazipanga chumbani zimsubiri amalizie mzigo wa pili, ili apeleke vyote pamoja. Na jioni ile akaanza maombi mapya. Aliomba kwa sauti, wakiwa wameshikana mikono kabla ya chakula, na mkono mmoja alioushika ulikuwa wa mama mkwe mwenyewe.

"Mungu, mfungue mama yetu katika kifungo cha sigara. Mpe nguvu ya kuacha. Mwondolee na uongo, Bwana, maana uongo ni mbaya kuliko moshi."

Mkono ule wa kizee ulitetemeka ndani ya mkono wake. Fundi alidhani ni Roho anafanya kazi. Jioni baada ya jioni aliomba maneno hayohayo, na jioni baada ya jioni mama mkwe aliitikia "Amina" kwa sauti ndogo, kisha akala bila kuinua uso.

Sare zilinuka tena.

Safari hii Fundi hakungoja kuambiwa. Alizinusa mwenyewe, moja baada ya nyingine, akakaa chini sakafuni kati yake akalia. Trei aliporudi alimkuta hapo.

"Mama aende kwa wifi," alisema Fundi bila kufuta machozi. "Sisemi milele. Mpaka nimalize kazi hii. Dada yako ana nafasi, na mumewe naye anavuta, wataelewana."

Angesema, mwanamume yule, angesema hapo. Alikuwa na pumzi za kutosha sasa. Kifua kilikuwa kimepona, kikohozi kimetoweka, hata majirani walikuwa hawajui tena saa za kufunga ukumbi. Lakini alisimama tu, kidole kikizungukazunguka kwenye tai.

"Kama unaona hivyo," akasema.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kwenye kizingiti chake cha zamani. Alikuwa amesikia. Alikwenda akakunja magauni yake, akayafunga kwenye kanga. Aliporudi alimpa Fundi kopo dogo la bati lililojaa vifungo, alivyokuwa amevichagua kwa ukubwa wake.

"Vikubwa viko chini," alisema. "Usivichanganye."

Trei akambebea mzigo hadi kituoni. Fundi hakumwona mama mkwe akigeuka nyuma, kwa sababu hakutoka kumsindikiza. Alikuwa anafungua madirisha.

*

Alisugua kuta. Alianika godoro. Alizifua sare upya, na Dobi akapiga pasi upya bila kudai chochote, akisema tu, "Mara ya pili, Fundi, hizi sare sasa zinanijua jina." Akashona mzigo wa pili kwa amani aliyokuwa hajaipata kwa muda mrefu, na aliomba maombi ya shukrani. Chumba kilikuwa kimenyamaza. Hakukuwa na mtu wa kumlaumu ndani yake.

Ilikuwa alasiri, wakati wateja wa Tajiri wanatoka kazini na ukumbi unaanza kujaa. Fundi alikuwa anapindia mkono wa sare ya mwisho. Harufu ikaja. Haikuja kwa siri. Iliingia kama mgeni aliyezoea nyumba.

Aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Kelele ya cherehani ilipokoma, mngurumo wa friji ulibaki peke yake. Fundi aligeuza kichwa huku na huku kama kuku anayesikiliza. Alinusa mlango, akanusa dirisha, akarudi. Kisha akavuta meza, akaweka kiti juu yake, akapanda, akaweka uso kwenye matundu ya hewa.

Moshi wenye joto ulimpuliza machoni.

Alipofikicha macho na kuchungulia tena, aliliona. Ng'ambo ya uchochoro, kwenye ukuta wa ukumbi, lilitokeza bomba la bati pana kama mdomo wa pipa. Lilitakiwa kupinda na kupanda juu ya paa, maana pingili ya kwanza ya kupinda ilikuwa imeshafungwa, kisha hapakuwa na kitu. Lilikuwa limekatishwa hapo, mdomo wazi, likiwaelekea wao. Na kupitia bomba lile, pamoja na moshi, zilikuja sauti za mbali za watu wanaocheka kwenye sofa.

Fundi alikaa juu ya kiti, juu ya meza, kwa muda ambao sala nzima ingeweza kusemwa. Hakusali. Hakujua aanzie wapi.

Trei alipoingia alimkuta bado yuko juu.

"Friji," alisema Fundi. "Ulisema friji."

Trei hakuuliza friji gani. Alikaa kitandani.

"Nilishika ngazi mimi," akasema. "Bomba lilipofika pale, fundi wa bomba akamwambia Tajiri zimebaki pingili za kupandisha juu, akamtajia bei. Tajiri akasema inatosha. Akanigeukia. 'Si upande wako huo, Trei? Una neno?'"

"Ukasema nini?"

"Nikasema sina neno."

"Alikuwa amekupa tai."

"Alikuwa amenipa tai," alisema Trei. "Na chumba hiki ni chake. Na kazi ni yake. Ningesema neno, tungelala wapi?"

"Na mama je? Ulikuwa unamsikia kila jioni namwombea uongo umtoke. Umeshika mkono wake wa pili."

Trei alijifunika uso. "Nilidhani akiondoka mambo yatatulia."

"Moshi ungetulia?"

Fundi alimtazama mumewe, aliyekuwa akipumua vizuri, kifua kikipanda na kushuka bila kukwaruza. Ndicho kifua alichokiombea. Ule moshi ulikuwa umetolewa mle na kuletwa kwake, naye akawa anatoa shukrani.

*

Tajiri alimpokea kwenye mlango wa nyuma, hakumkaribisha ndani. Alimsikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa kwa upole kama mtu anayesikia habari za msiba wa mbali.

"Mama, mimi ni mtu wa sheria," akasema. "Sheria imesema ndani ya ukumbi pasiwe na moshi. Nenda kanuse, hamna. Wavutaji nao ni binadamu, wana haki yao, nimewapa chumba. Moshi umetoka nje. Nimemdhulumu nani?"

"Nje huko ndiko tunakoishi sisi, bosi."

"Nyinyi ni wapangaji," alisema Tajiri, kama kwamba hilo ndilo jibu. Kisha akafikiri, akaona njia. "Lakini sipendi mtu anung'unike. Nitawapa saruji. Zibeni hayo matundu. Bure, siwadai."

Na kweli alitoa nusu mfuko. Trei mwenyewe ndiye aliyeziba, jioni ileile, amesimama juu ya meza ya mkewe na tai ameitupia begani. Alifanya kazi safi. Alipomaliza, mngurumo ulipungua, na harufu ikakatika, na hewa nayo ikakatika. Kuanzia siku hiyo Fundi alishona amelowa jasho hata wakati wa baridi, kitambaa amekitandikia taulo kisije kikapata madoa.

Mkuu wa wauguzi alikuwa amekubali kuzitazama sare mara moja ya mwisho. Fundi alizifua tena, akaufunga mzigo kwenye shuka safi, na kabla ya kwenda zahanati akapanda basi la upande mwingine wa mji, kwa wifi yake. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima.

Wifi ndiye aliyefungua mlango. Alimtazama kutoka unyayo hadi kichwani.

"Karibu, mcha Mungu," akasema, akampisha.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba, sigara vidoleni, moshi umetanda juu ya kichwa chake kama chandarua. Alimwona mkwewe akatabasamu, kwa kweli akatabasamu, na hilo ndilo lililoyasambaratisha maneno yote ya njiani. Fundi alipiga magoti akiwa bado amekumbatia mzigo.

"Mama, nimeliona bomba. Nimeona kila kitu. Nisamehe."

"Inuka, sakafu ina vumbi."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikaa kwenye sofa chini ya feni ile. Ukuta ninaujua, si ndio ninaolala nyuma yake?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama mkwe aligonga jivu kwenye kifuniko cha kopo.

"Nikwambie mumeo ni mwongo? Ukishajua, utaishije naye kwenye vyumba viwili? Mimi mzee, ukinilaumu mimi inapita." Akavuta sigara yake. "Lakini hili la kuvuta nilikwambia. Nilisema sijavuta. Siku ile mwanangu aliposema ninakaa huko nyuma, nilitoka pale nikatupa pakiti mtaroni. Nikaapa. Na nikaweza, mwanangu. Mimi! Vidole vilitetemeka, usingizi ulinikimbia, lakini niliweza."

Fundi aliukumbuka mkono ule uliotetemeka ndani ya mkono wake wakati wa maombi. Kumbe Mungu alikuwa amekwisha kujibu. Kila jioni alikuwa ameshikilia jibu kiganjani na bado anaomba.

"Ulikaa siku zote zile bila kuvuta?"

"Mpaka nilipofika hapa. Shemeji yako akanipa moja, nikasema, sasa ninajizuia kwa ajili ya nani? Waliokuwa wakiniombea wamenifukuza."

Wifi alikohoa pale mlangoni, kikohozi cha mtu asiye na kikohozi.

"Rudi nyumbani, mama," alisema Fundi. "Utavuta ukitaka. Utavutia ndani, juu ya kitanda changu ukipenda."

Mama mkwe alikuwa ameuona mzigo. Aliutazama kwa wasiwasi, akautazama moshi uliotanda, akakunja uso.

"Hizo ni sare?"

"Ndizo. Nazipeleka zahanati."

"Sasa mbona umeziingiza humu?" Akaanza kujiinua, mkono mmoja kwenye goti, mwingine ukiwa umeibeba sigara mbali na mzigo, mbali kadiri mkono ulivyoweza kunyooka. Akakivuta kigoda chake kuelekea mlangoni.

"Kaa, mama," alisema Fundi akilia. "Tafadhali kaa. Hapa ni kwenu, unaruhusiwa."

"Aa," alisema mama mkwe, akavuka kizingiti, akatoka mzima mzima. "Umeshanizoesha."